Mdudu akifa, tundu la jino linabaki

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka tisa ametoboka jino la nyuma, usiku halali. Hapa Tandahimba kuna kijana anauza kichupa cha maji ya nano silva. Anasema mtoto asukutue na kumeza kijiko asubuhi na jioni, wadudu wote watakufa na tundu litajifunga. Nimpe?

JIBU: Marahaba mama. Usimpe. Vichupa hivyo naletewa kila msimu wa korosho, pesa ikishaingia mikononi mwa watu, na maneno ni yale yale: wadudu wakifa, jino limepona.

Halijapona! Bakteria hula sukari na kutoa asidi, asidi ikayeyusha madini ya jino. Nyumba ikiliwa na mchwa, dawa ya mchwa haikurudishii boriti. Tena hao bakteria hawafi kirahisi, wamejificha ndani ya utando unaonata. Na jino linalouma usiku mara nyingi limeshaoza hadi kwenye kiini chenye neva, ambako maji ya kusukutua hayafiki.

Silva ni fedha, ile metali ya pete na mikufu, na yenyewe siikatai. Inaua bakteria kweli, inatoboa ukuta wao. "Nano" ni kipimo tu, chembe isiyozidi nanomita 100, wakati unywele una upana wa nanomita kama 80,000. Watafiti wanajaribu kuchanganya chembe hizo, na za oksidi ya zinki, kwenye vifaa vya kuzibia meno na kwenye meno ya bandia. Hospitali nyingine zina bandeji za fedha za majeraha ya moto. Kote huko kiasi kinapimwa, kwa sababu kinachoua bakteria kikizidi huua na seli zetu. Sisi madaktari wa meno tunayo dawa ya fedha na floridi ya asilimia 38, ambayo wala si nano. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Tone lake likipakwa kwenye jino lililokaushwa husimamisha uozo na kuliacha jeusi. Tone, mama, si kijiko. Na hiyo nayo haizibi tundu, wala hatuipaki kwenye jino lililofikia hali ya la binti yako.

Fedha ikinywewa muda mrefu hujikusanya mwilini, ngozi ikageuka kijivu cha bluu na isirudi tena. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba maji ya fedha yanayouzwa bila cheti cha daktari hayatambuliki kuwa salama wala kuwa tiba. Vichupa ninavyoletewa havina hata jina la aliyevitengeneza.

Mlete mtoto wiki hii. Huenda jino hilo si la utoto: gego la kwanza la ukubwani huota akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi huliacha lioze wakidhani litaota jingine. Wengine badala ya kuja wanasukutua maji hayo wiki tatu, nne, na usaha wa jino unashuka shingoni. Yeyote akivimba chini ya taya, akipata homa, akashindwa kumeza au kufungua kinywa, apelekwe hospitali usiku huo huo, asingoje kuche.