Barabara kuu ni yako pia: barua kwa mwanangu aliyefokewa akiwa kwenye baiskeli

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza pamoja na mamako. Unasema ulikuwa ukienda kazini kwa baiskeli kwenye ile barabara ya A6 ya kutoka Stockport kuelekea katikati ya Manchester, dereva wa gari la mizigo akashusha kioo akakufokea: barabara kuu si mahali pa baiskeli, hulipi kodi ya barabara, panda huko wanakopita waenda kwa miguu. Ukaniuliza, "Baba, wewe umeendesha basi nchi hii miaka mingi. Sheria inasemaje hasa?"

Sheria iko upande wako. Hapa England baiskeli inaruhusiwa kwenye barabara yoyote ya umma isipokuwa pale ilipokatazwa waziwazi. Ile herufi A mbele ya namba haikatazi kitu, na wingi wa magari haukatazi kitu. Hata barabara pana yenye leni mbili kila upande, ambako magari yanakwenda maili 70 kwa saa, iko wazi kwako ikiwa haina alama ya kukuzuia. Huko mimi sitaki kukuona, lakini hilo ni ombi la baba, si sheria.

Usipotakiwa kabisa ni kwenye barabara za magari ya kasi (motorway), zile za herufi M, kama M60 inayopita hapo kwenu, zenye vibao vya buluu. Hizo zilijengwa kwa sheria ya mwaka 1949 iliyoruhusu barabara za vyombo vya aina fulani tu, na kipande cha kwanza kilifunguliwa Preston Desemba 1958. Ukiona M kwenye mabano baada ya namba, kama A1(M), hukumu ni ile ile. Ziko pia sehemu nyingine chache, hasa mahandaki, zilizofungwa kwa amri maalumu. Pale Dartford, kwa mfano, baiskeli haivuki mto Thames kwa magurudumu yake. Wahudumu wanakupakia kwenye gari wewe na baiskeli yako na kukuvusha bila malipo.

Alama yenyewe uijue vizuri, kwa sababu inawachanganya watu wengi. Ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu na picha ya baiskeli katikati, bila mstari wa kukata. Mgeni huiona akadhani anakaribishwa, kumbe ndiyo inayokataza. Ile ya duara la buluu yenye baiskeli nyeupe inaonyesha njia iliyotengwa kwa baiskeli. Nayo haikulazimishi kuifuata.

Hilo la kulazimishwa nalo limeshafika mahakamani. Mwaka 2006 kijana mmoja wa Telford alitozwa faini kwa kuendesha baiskeli barabarani huku magari yamejipanga nyuma yake. Polisi walitaka akate barabara aende njia ya baiskeli iliyokuwa upande wa pili. Akakata rufaa, na mwanzoni mwa 2007 mahakama ya Shrewsbury ikamfutia hatia. Highway Code, kile kitabu cha kanuni za barabarani, leo kinasema wazi kwamba kutumia njia za baiskeli ni hiari yako.

Kuhusu njia ya waenda kwa miguu, huyo bwana alikuwa anakutuma uvunje sheria. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1835 kinakataza kuendesha chombo huko, na baiskeli imo, labda pawe na alama kwamba njia ni ya pamoja. Ukikamatwa unaweza kutozwa faini. Hapo pana bibi anayetembelea mkongojo na mtoto anayetoka mbio mlangoni. Pasiwe pako.

Na hiyo kodi ya barabara haipo. Ulikuwepo Mfuko wa Barabara ulioanzishwa mwaka 1920, lakini tangu 1937 pesa wanazolipa wenye magari zinaingia hazina kuu pamoja na kodi nyingine zote. Barabara za mitaa zinatunzwa na halmashauri, kwa kodi yako wewe na jirani zako, wenye magari na wasio nayo. Wewe unakatwa kodi kila mwezi kwenye mshahara. Hakuna mtu anayekukirimu barabara.

Baiskeli ilitangulia gari kwenye barabara hizi. Hapa kwetu Coventry ndipo John Kemp Starley alipotoa baiskeli ya Rover mwaka 1885, ile ya magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na yako imefuata umbo hilo hilo. Miaka mitatu baadaye, 1888, Bunge likatamka kwa sheria kwamba baiskeli ni chombo cha barabarani sawa na magari ya farasi ya wakati ule. Waendesha baiskeli ndio waliokuwa wakidai barabara zitengenezwe vizuri wakati magari ya injini hayajaonekana mitaani.

Sasa nikwambie jambo ninalolijua kutoka kwenye kiti cha dereva. Nilipokuwa kwenye basi, aliyenitia wasiwasi zaidi ni yule aliyejibana ukingoni kabisa. Anaponyata pembeni, anaacha upenyo unaoonekana kama unatosha, na dereva nyuma yake anaanza kupiga hesabu: nikisogea kidogo tu nitapita. Basi hapo ndipo baiskeli inapokutana na kile kifuniko cha chuma cha mtaro, kimelowa mvua, na mwenyewe anakikwepa ghafla kwa kutoka nje, mbele yako. Aliyekaa mbali na ukingo unamwona mapema, unajua upenyo haupo, unatulia nyuma yake mpaka leni ya pili iwe wazi.

Kanuni zinakuunga mkono. Marekebisho ya Januari 2022 yanasema ukae katikati ya leni kwenye barabara zisizo na shughuli nyingi, kwenye foleni inayokwenda polepole, na unapokaribia makutano au pale barabara inapobana. Magari yakiwa mengi na ya kasi, jiweke angalau nusu mita kutoka ukingoni, na zaidi pakiwa pabaya. Ukipita magari yaliyoegeshwa acha nafasi ya mita moja, maana mlango hufunguliwa bila salamu. Dereva naye ameambiwa akuachie angalau mita moja na nusu anapokupita kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, na zaidi akienda kasi zaidi. Hata ule mstari mweupe usiokatika katikati ya barabara anaruhusiwa kuuvuka ili akupite, ikiwa unakwenda maili 10 au chini ya hapo na mbele ni salama. Kwa hiyo yule anayekupitia kwa kukugusa bega hawezi kusema mstari ndio uliomzuia.

Sehemu kubwa ya kanuni hizo ni ushauri, si amri. Palipoandikwa kwamba "lazima" ndipo penye sheria yenyewe. Hata hivyo ushauri huo unaweza kutumika mahakamani kuonyesha nani alizembea, ndiyo maana nataka uufuate wote.

Kofia ya kujikinga sheria hailazimishi, ila mamako anailazimisha. Usiku ni lazima taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kiakisi chekundu nyuma. Pedali nazo ziwe na viakisi vya rangi ya chungwa. Taa nyekundu za barabarani zinakuhusu kama zinavyomhusu mwenye lori.

Mtu akikufokea tena usijibizane naye, yeye ana tani mbili za chuma. Shika leni yako, endelea. Akikutishia kwa gari, shika namba yake. Polisi wa maeneo mengi siku hizi wanapokea video za kamera kupitia mtandao, na madereva wanaitwa kujibu.

Taa yako ya nyuma niliyoiona ulipokuja Idi ilikuwa hafifu sana. Nimekununulia nyingine, mamako ataiposti Jumatatu.

Babako