Furu Akichoka, Sangara Hana Haja Naye

Msomaji wa Masese, Jinja, ameniuliza kwa nini nkejje wake, yaani furu hai anaowatumia kama chambo, hufa mapema na sangara hawamgusi hata mmoja. Ndugu yangu, kosa lako halipo kwenye ndoano. Lipo kwenye ndoo.

Ndoo ya lita 20 inatosha furu 10 wa urefu wa kidole. Ukijaza 30, hewa inaisha majini, wanapanda juu wakitweta, na aliyefika hapo hafai tena. Tia maji ya ziwani. Ya bomba yana klorini inayounguza matamvua. Funika kwa gunia bichi, na kila baada ya dakika 20 mwaga theluthi, ujaze mapya. Lowesha kiganja kabla ya kumshika, maana mkono mkavu unambandua ute unaomkinga. Mkono wenye petroli ya injini ndio mbaya kupita yote.

Boti ikisukumwa na upepo, mtunge mdomo wa juu ili aelekee mbele. Ikiwa imetia nanga, mtunge mgongoni, chini kidogo ya pezi, upitishe ndoano kwenye nyama ya milimita 5 tu. Ukizidisha unagusa uti, naye anapooza. Tumia ndoano ya duara, namba 3/0, na ncha ibaki wazi kabisa. Ikifichwa kwenye magamba haishiki kitu.

Chubwi, yaani uzito wa kuzamishia chambo, ndipo wengi wanapoharibu. Wanafunga zito, furu anaburutwa chini kama jiwe. Anza na gramu 10, uongeze pale tu anaposhindwa kuzama. Mshipi wa milimita 0.40 unatosha, ila mita ya mwisho iwe ya 0.80: meno ya sangara ni kama msasa, husugua mshipi mwembamba hadi ukatike.

Sangara akikaribia, utasikia furu akitetemeka kwenye kidole kinachogusa mshipi, kisha mshipi unaanza kwenda. Usikurupuke! Ukivuta kwa nguvu, ndoano ya duara inachomoka mdomoni. Acha mshipi ukazike wenyewe, ndipo uinue fimbo polepole. Ndoano itageuka na kushika pembe ya mdomo. Hapo hata mdogo wa chini ya sentimita 50, asiyeruhusiwa, unamrudisha akiwa mzima. Akiruka na kutikisa kichwa, shusha ncha ya fimbo karibu na maji, na mshipi usilegee.