Kamera ya kompyuta mpakato kuzimika baada ya sasisho
Ndugu wa Ujiji, kwa kuwa umesema kamera ilifanya kazi vizuri hadi Windows 11 ilipojisasisha, usikimbilie kwa fundi mjini Kigoma, maana mara nyingi kifaa chenyewe huwa kizima na kilichovurugika ni draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) au ruhusa. Tazama kwanza kifuniko kidogo cha kutelezesha kilicho juu ya kioo (mimi kimeshaniaibisha), kisha uingie kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, uhakikishe kuwa kamera imeruhusiwa kwa mfumo na kwa programu unayoitumia.

Ukiona msimbo 0xA00F4244, mfumo hauioni kamera. Hapo bofya kulia kitufe cha kuanzia, fungua orodha ya vifaa (Device Manager), chagua kamera, na katika sehemu ya draiva uirejeshe ile ya awali; chaguo hilo likiwa limefifia, ondoa kamera pamoja na draiva yake, kisha uwashe kompyuta upya ili mfumo uiwekee nyingine. Kurudi kwenye toleo la zamani la Windows, jambo ambalo kwa kawaida huruhusiwa ndani ya siku 10 tu baada ya sasisho kubwa, mimi ningeliacha liwe la mwisho.