Kabla hujanunua betri ya baiskeli ya umeme, ipeleke kwenye mizani

Betri yangu ya kwanza iliniacha kwenye mlima wa Isamilo, hapa Mwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kreti mbili za mikate zikiwa nyuma. Kioo cha kuonyesha chaji kwenye usukani kilisema imejaa. Nikazima, nikawasha, baiskeli ikaondoka; hatua ishirini hivi ikazima tena. Nikaisukuma mpaka juu. Mikate ilifika watoto wakiwa wameshaenda shule na chai ya rangi tupu.

Stika ya betri ilisema volti 48, ampea-saa 20, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Niliinunua kwa akiba ya miezi minne, na nilipoirudisha muuzaji alisema nimeibebesha mzigo mkubwa.

Fundi mmoja wa inveta ndiye aliyenifungua macho. Alisoma kwanza kontrola ya baiskeli, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mota: ampea 22. Kwenye tambarare mota haivuti hata nusu ya hizo, ila ukipanda mlima na mzigo inazivuta zote. Ndani ya betri nako kuna bodi ndogo ya ulinzi inayopima umeme unaotoka. Ya kwangu ilikuwa na kikomo cha ampea 15, na ikipitishwa hapo inakata ili seli, vile vibetri vidogo vilivyopangwa ndani, zisiungue. Bodi ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Kwa hiyo ukienda dukani usiseme tu "nataka betri ya 48". Soma kontrola yako, kisha uliza betri inatoa ampea ngapi muda wote bila kukata. Kama kontrola ni 22, mimi nanunua ya 30.

Halafu akaiweka betri kwenye mizani ya muuza dagaa wa jirani: kilo mbili na nusu. Jambo hili natamani kila anayetafuta betri alijue. Seli zinazotumika sana humo, zile za mduara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, kila moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na iliyo bora kabisa hubeba ampea-saa 3.5 hivi. Betri ya volti 48 hupanga seli 13 kwa mfululizo, moja baada ya nyingine ili volti zijumlike; kila safu ya namna hiyo ikiongezwa kando, ampea-saa nazo huongezeka. Ili ufikishe ampea-saa 20 kwa seli hizo bora unahitaji safu sita, yaani seli 78, na hizo peke yake zinakaribia kilo nne kabla hujaongeza kasha. Basi kilo mbili na nusu zinawezaje kuwa 20? Tulipofungua tulikuta seli 39. Nilikuwa nimeuziwa ampea-saa saba na kitu. Na ukiona seli moja ya ukubwa huo imeandikwa 9900, yaani ampea-saa 9.9, iache hapohapo.

Ukubwa unaoutaka unatokana na safari yako. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Mimi na mikate yangu, kwa milima hii, natumia kama wati-saa 20 kwa kilomita. Asiye na mzigo anayesaidia kwa pedeli anaweza kutumia 10 tu. Siku yangu ni kilomita 30, yaani 600. Nikachukua 48 kwa 15, ambazo ni 720, nibaki na akiba. Betri za asidi ni rahisi kununua, lakini nne za kutimiza volti 48 zinafika kilo 16 au zaidi, na mlimani utazihisi.

Kufunga kunataka subira. Kata boksi kwa umbo la betri, lijaribu katikati ya fremu, uangalie kama magoti na pedeli vinapita. Usiiweke kwenye keria ukiweza kuepuka: uzito wa juu na nyuma unayumbisha baiskeli, na mashimo ya barabarani yanazitingisha seli. Matundu mawili ya kushikia chupa hayatoshi kwa kilo tano. Mimi nimezungusha pia mpira wa tyubu, ule tunaofungia mizigo, na kipande kingine nimekitandika chini ya kasha.

Kabla ya kuunganisha, pima kwa mita upande upi ni chanya. Usiamini rangi ya waya, kwa sababu ukigeuza mara moja tu kontrola imekufa. Weka fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, tumia waya mnene, na kamwe usisokote nyaya ukazifunga tepu. Waya uache uning'inie kidogo chini ya kiunganishi, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuingia ndani.

Chaja nayo iendane na betri. Ya lithiamu ya kawaida yenye seli 13 kwa mfululizo inajaa kwenye volti 54.6. Zile za fosfati ya chuma, ambazo ni nzito zaidi lakini hudumu sana, zina chaja yake, na kubadilishana ni hatari ya moto. Nikirudi kutoka mlimani naiacha ipoe nusu saa ndipo nichaji, barazani juu ya sakafu ya saruji, mchana nikiwa macho. Ndani ya korido ambako familia itapita ikikimbia, siiweki kabisa. Ile ya zamani ilianza kutoa joto hata ikiwa haitumiki, nikaitoa nje mbali na ukuta siku hiyohiyo.