Reale ya 1780 huenda isiwe ya 1780

Reale yangu ya kwanza, ile sarafu ya fedha, niliinunua Mji Mkongwe, Unguja. Kuiona imeandikwa 1780, nikajua nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nilipofika nyumbani nikaisugua kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Makosa mawili kwa siku moja.

Wewe unayeanza kukusanya, anza na tarehe. Maria Theresa, mtawala wa Austria, yule mama mnene aliye kwenye sarafu, alifariki Novemba 1780. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na huku pwani walikuwa wameshaizoea sura yake, nyingine hawaitaki. Basi ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile: Vienna, baadaye hata London, Paris na Bombay. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, aliwabana Waaustria wakampa mihuri ya kuipigia, ikapigwa Roma kwa ajili ya Uhabeshi. Vienna wanaipiga hadi leo. Kwa hiyo muuzaji akikuapia ina miaka zaidi ya mia mbili, usimwite mwongo. Huenda naye ameisoma tu kama ulivyoisoma wewe.

Umri ni somo gumu. Watu huhesabu lulu za bizimu begani na manyoya ya mkia wa tai, na bado hubishana. Hilo liache kwanza. Wewe jifunze kujua kama ni fedha halisi.

Geuza sarafu uangalie ukingo wake. Utakuta herufi zilizoinuka: IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Za bandia za kumimina kwenye kalibu mara nyingi herufi zake zimefifia, au kuna mshono unaozunguka ukingo kama wa beseni la plastiki.

Kisha tafuta mizani ya sonara. Nzima inakaribia gramu 28.07. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Ikisoma karibu 2.8, uko pazuri. Shaba nyeupe au nyeusi yenye uzito uleule itavuka 3. Sumaku pekee haitoshi, kwa sababu shaba nayo hainasi.

Zilizotobolewa au kulehemiwa kipete, kwa kuwa zilivaliwa kama vidani, bei yake hushuka. Mimi huzinunua hata hivyo, nazipenda kuliko zile safi.

Na weusi wa fedha usiuguse. Si dawa ya meno, si limau, si majivu. Ile yangu bado ninayo: ukingo mzuri, mizani inasoma 28.05, fedha halisi. Ila shavu la malkia limejaa mikwaruzo, na mnunuzi wa kwanza niliyemwonyesha alinitajia bei ya kuyeyusha.