Maswali na majibu: Vyuo vikuu vya Texas vinakula kutoka chungu kipi?

Wiki iliyopita niligusia kwamba mwaka 2023 wananchi wa Texas, Marekani, walipiga kura kuidhinisha mfuko wa dola bilioni 3.9 kwa ajili ya vyuo vikuu vinne vya umma vinavyofanya utafiti. Maswali yamemiminika, mengi kutoka kwa wasomaji wanaoishi huko huko Houston na Dallas. Mengine nimeyaunganisha, maana yaliuliza jambo lile lile kwa hasira tofauti.

Kwa nini wananchi wapige kura kuhusu pesa za vyuo? Bunge la jimbo linafanya kazi gani? (Msomaji, Dodoma)

Bunge la Texas hukutana kwa siku 140 tu, kila baada ya miaka miwili, na kila mkutano hutunga bajeti mpya. Pesa iliyomo kwenye bajeti ni kama mgeni: leo yupo, mkutano ujao huenda hayupo. Lakini maabara haijengwi kwa miaka miwili, wala mwanafunzi wa uzamivu hamalizi kwa miaka miwili. Ndiyo maana wabunge wakitaka pesa ikae, huiingiza kwenye katiba ya jimbo. Kwa hilo wanahitaji theluthi mbili ya kila bunge kati ya mabunge mawili, kisha wananchi waidhinishe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Novemba 7, 2023. Mfuko mdogo ulioanzishwa mwaka 2009 ulibadilishwa jina ukawa Texas University Fund, ukaongezewa mabilioni, na ukapewa pia riba ya mfuko wa akiba wa jimbo, isiyozidi dola milioni 100 kwa mwaka kwa kuanzia. Wanufaika ni University of Houston, Texas Tech, North Texas na Texas State. Mtaji wenyewe hauguswi, vyuo hula faida. Chuo kingine kinaweza kuingia kikionyesha kwamba kwa miaka mitatu kimetumia wastani wa dola milioni 20 kwa mwaka za utafiti kutoka serikali kuu na sekta binafsi, na kimetoa wastani wa shahada 45 za uzamivu kila mwaka.

Mbona chuo kikuu cha Austin na Texas A&M hawamo? Ndivyo vinavyosifika zaidi. (Msomaji, Dallas)

Havimo kwa sababu vina chungu chao, tena kikubwa kuliko hiki. Hapa niruhusuni nisimulie, maana kisa chenyewe kitamu.

Mwaka 1858 Texas iliahidi chuo kikuu sehemu ya ardhi iliyotengwa kwa kampuni za reli. Ilikuwa ardhi nzuri. Walipoandika katiba mpya mwaka 1876, wanasiasa waliirudisha ile ahadi mfukoni, wakakipa chuo ekari milioni moja huko magharibi, kwenye ukame usioota kitu cha maana. Mwaka 1883 wakaongeza milioni nyingine. Kwa miaka mingi mapato yake makubwa yalikuwa kodi ya malisho ya ng'ombe.

Mei 28, 1923 kisima kilichoitwa Santa Rita nambari 1 kilifoka mafuta. Rita ni mtakatifu ambaye Wakatoliki humwomba mambo yasiyowezekana, na aliyechagua jina hilo hakukosea. Mrabaha wa kwanza, yaani malipo ya mwenye ardhi kwa mafuta yanayochimbwa kwake, uliingia Agosti mwaka huo: dola 516.63. Leo ardhi hiyo ya ekari milioni 2.1 inalisha Permanent University Fund, mmojawapo wa mifuko mikubwa kabisa ya elimu duniani. Mrabaha wa mafuta hauliwi, huwekezwa, na kinacholiwa ni gawio. Tangu mwaka 1931 sheria inagawa theluthi mbili kwa mfumo wa University of Texas (chuo cha Austin na vyuo wenzake) na theluthi moja kwa Texas A&M.

Waliodhani wanakipunja chuo walikitajirisha. Lakini nao waliobaki nje ya mgawo huo walisubiri miaka mia moja tangu Santa Rita kupata mfuko wa kufananafanana.

Vipi vyuo vya watu weusi? (Msomaji, Houston)

Swali zuri, na jibu lake halipendezi. Prairie View A&M hupata sehemu ya gawio la mafuta kwa sababu imo ndani ya mfumo wa A&M. Texas Southern, iliyo hapo hapo Houston, haipati gawio hilo, na haimo katika wale wanne. Hutegemea bajeti, ada, na fungu la ujenzi lililoingizwa kwenye katiba mwaka 1984 kwa ajili ya vyuo vilivyoachwa nje. Kigezo cha mfuko mpya ni utafiti ulioufanya jana, na utafiti wa jana ulihitaji pesa za juzi. Mimi naona hapo sheria inamwongezea aliye nacho.

Binti yangu anaanza University of Houston. Ada itashuka? (Mzazi, Houston)

Hapana, mama. Pesa za mfuko ni za utafiti na kuimarisha masomo, si za kufidia ada. Mwaka 2003, wakati wa upungufu wa bajeti, bunge liliziruhusu bodi za vyuo zijipangie sehemu kubwa ya ada, na tangu hapo mzigo wa wazazi umepanda. Muulize binti kuhusu misaada ya masomo mapema, kabla tarehe za mwisho hazijapita.

Anayelipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo. Je, wanasiasa hawawaingilii? (Msomaji, Mombasa)

Wanaingilia. Mwaka huo huo wa 2023 bunge lilipitisha sheria ya kufunga ofisi za ujumuishi na usawa, zile zilizosaidia makundi yaliyotengwa, katika vyuo vya umma, ikaanza Januari 1, 2024. Kabla ya kutumia pesa za bajeti, bodi ya chuo lazima ithibitishe kwa maandishi kwamba imetii. Ufundishaji na utafiti vilisamehewa katika sheria hiyo.

Sisi tutawezaje? (Wasomaji kadhaa, Nairobi na Dar es Salaam)

Kenya tayari ina sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Sheria imetaja kiasi bila kutaja kisima, kwa hiyo kila mwaka watafiti hurudi Hazina kubisha hodi.

Dar es Salaam kuna kitu kinachofanana zaidi na Texas: jengo la maduka la Mlimani City limesimama juu ya ardhi ya Chuo Kikuu, na chuo hupata mgao wa mapato yake. Mkataba huo umewahi kuhojiwa na kamati za Bunge. Wanaotaka mfuko wa utafiti waanze na maswali ya ardhi kama hiyo: chuo kinapata asilimia ngapi, nani anakagua hesabu, na ile pesa ikifika inalipa mishahara ya mwezi huu au inawekezwa?