Atapiga Tena? Majibu kwa Barua Zenu

Barua za wiki hii zinahusu watu wa karibu wanaotisha. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na nimeanza na zile zisizoweza kungoja.

Mtaalamu anajuaje kwamba mtu atakuja kudhuru wenzake? Mna kipimo? (Msomaji, Shela, Malindi)

Kipimo cha damu au cha picha hakipo. Mwaka 1981 mwanasaikolojia John Monahan wa Marekani alipitia tafiti za wakati huo, akakuta kwamba wataalamu wa akili waliobashiri vurugu hawakupatia zaidi ya mara moja kati ya tatu. Ndipo zikaanza kutungwa fomu za maswali yaliyopangwa. Inayotumika sana duniani ni HCR-20, iliyoanzia Kanada mwaka 1995. Ina mambo 20: kumi ya nyuma, kama vile amewahi kupiga na alianza akiwa na umri gani, matano ya sasa, kama vile ana mawazo ya kudhuru na anakubali kwamba ana tatizo, na matano ya mbele, kama vile atakaa wapi na nani atakuwa naye. Hayo ya mbele nayathamini kuliko yote, maana hapo ndipo penye la kufanya. Wala hatutegemei kauli yake peke yake. Tunamuuliza mama, mke na mzee wa mtaa.

Mume wangu alinikaba koo mwezi uliopita. Hakuna alama, na ameomba radhi. Mama mkwe anasema nistahi ndoa. Je, niogope? (Mama wa wawili, Maweni)

Ndiyo dada yangu, uogope, na jibu hili lisome mahali ambapo mumeo haioni simu yako. Katika dalili zote tunazouliza, kukabwa koo ni miongoni mwa zinazonitisha zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha wanawake waliokuwa wakipigwa na wenzi wao: aliyewahi kukabwa, uwezekano wa kuja kuuawa ulikuwa zaidi ya mara saba ya yule ambaye hakukabwa.

Kukosa alama kusikupe moyo. Mara nyingi ngozi haionyeshi kitu, na mshipa wa shingo ukichanika kwa ndani kiharusi huweza kuja siku kadhaa baadaye. Je, sauti ilikwaruza? Kumeza kuliuma? Uliona giza, au ulijikojolea? Nenda hospitali hata sasa, na useme “nilikabwa koo”, usiseme “tulikosana kidogo”.

Muuguzi Jacquelyn Campbell alitunga fomu ya kupima hatari ya mke kuuawa, nayo huanza na kalenda. Mwanamke hutia alama kila siku aliyopigwa mwaka mzima uliopita, na ukali wa kipigo. Nimeona mama akiingia akisema “si mara nyingi”, kisha kalamu ikasimama katikati ya ukurasa akaanza kulia. Baada ya kalenda huja maswali: Vipigo vinazidi? Ana silaha? Ametishia kukuua au kujiua? Alikupiga ukiwa mjamzito? Anakupangia kila unachofanya? Umewahi kumwacha katika mwaka uliopita baada ya kuishi naye?

Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu hatari hupanda mke anapoondoka. Usimtangazie. Weka kitambulisho, vyeti vya watoto na nauli kwa mtu unayemwamini, kisha piga 1195, simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili, ni bure. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inakuruhusu kuomba mahakamani amri ya kumzuia asikukaribie. Mama mkwe ana heshima yake, lakini katika hili usimsikilize.

Kaka yangu husikia sauti. Majirani wanataka afungwe kamba. (Kisumu Ndogo)

Wagonjwa wengi wa akili hawampigi mtu, na aghalabu wao ndio wanaopigwa. Utafiti wa mwaka 1998 huko Marekani uliwafuatilia waliotoka hospitali: wasiokuwa na dalili za kutumia vibaya pombe wala dawa za kulevya hawakuwa na vurugu zaidi ya majirani zao wasiokuwa na dalili hizo. Kwa hiyo angalia kama ameacha dawa zake, na kama anatumia bangi au pombe. Muulize kwa upole sauti zinamwambia nini. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Zikimwamuru amdhuru mtu, hasa kwa jina, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na panga lifichwe. Kamba itamzidishia hofu tu.

Babu yetu ameitwa mchawi matangani na vijana wa ukoo. Watu wazima wanasema ni maneno tu. (Magarini)

Si maneno tu, mwanangu. Kilifi yetu imezika wazee wengi kwa tuhuma hizi, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Wapo waliokimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, kuokoa roho zao. Mtu anayepanga shambulio mara nyingi humwambia mwingine kabla, ndiyo maana kila kitisho tunakichunguza: nani kasema, ametaja siku au namna, atafaidika na nini, ameanza kuzunguka nyumba usiku? Babu asilale peke yake kuanzia leo. Andikeni maneno yenyewe yalivyotamkwa, na tarehe, myapeleke kwa chifu na polisi, na msitoke kituoni bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Habari ya shamba ingoje mpaka babu awe amehamishwa mahali salama.